Mlingoti wa Kituo cha Sumaku

Mlangoni mwa kituo kulikuwa na sanduku la mbao. Aliyetaka kuingia aliacha humo funguo, mkanda, sarafu, hata kama ni mkurugenzi. Ndani, juu ya nguzo ya mawe, sindano ya sumaku ilining'inia kwenye uzi wa hariri, na chuma chochote kingeivuruga. Ndiyo maana waliojenga nyumba ile walitumia misumari ya shaba na bawaba za shaba.

Shangazi alikuwa mwanasayansi wa kituo hicho. Aliisoma sindano hiyo mpaka akastaafu, akifuatilia jinsi sumaku ya dunia inavyohama taratibu chini ya nchi yetu. Baada yake hakuajiriwa mtu. Popo wakahamia.

Binti wa kaka yake, afisa wa mambo ya kale, ndiye aliyekifufua. Kiwanja kilikuwa kimeshatengwa kiwe maegesho ya magari. Binti akazunguka ofisi baada ya ofisi, akasubirishwa, akachekwa, hadi kamati ikakubali: kituo kiwe urithi wa taifa, waziri aje kukizindua.

Asubuhi ya uzinduzi Shangazi alikuta mlingoti wa chuma umesimikwa chini ya dirisha la chumba cha sindano.

"Nani kaleta hili dude?"

"Mimi, mama," fundi akajibu, anajifuta jasho. "Zuri, eh? Kimbunga kije kijaribu."

"Ling'oe."

"Zege limeshakamata, na nondo humo zimejaa. Labda uning'oe mimi."

Shangazi akamgeukia binti. "Ulijua?"

"Niliomba wa mbao. Kamati wakasema bendera ya taifa haipandi kwenye mti wa kuanikia nguo. Bila bendera waziri haji, na waziri asipokuja, hapa linaingia tingatinga."

"Kwa hiyo umeokoa kuta."

"Nimeokoa nilichoweza, Shangazi."

"Kuta hata choo kinazo, mwanangu."

Waziri alifika na msururu wa magari. Aliweka funguo zake sandukuni huku akitabasamu mbele ya kamera, akaingia, akainama juu ya kioo kilichofunika sindano. Sindano ilikuwa imeuacha mstari wake wa kaskazini, imevutwa upande wa dirisha.

"Tazameni," waziri akasema. "Inaelekea bendera yetu. Hata sumaku ina uzalendo."

Wapambe wakacheka, wakapiga makofi. Waziri akamtazama binti. "Huwa hivi siku zote?"

Binti alimtupia jicho Shangazi. Shangazi hakumsaidia hata kwa kupepesa kope. Uamuzi wa maegesho ulikuwa bado haujafutwa, na wa kuufuta ndiye huyu, anasubiri jibu, bado anatabasamu.

"Ndiyo, mheshimiwa," binti akasema. "Siku zote."

Shangazi akatoka. Binti akamkimbilia hadi barazani.

"Shangazi, ulitaka niseme nini? Wangekibomoa."

"Sijakulaumu."

"Basi mbona unaondoka?"

"Kesho kutwa watakuja wanafunzi na walimu wao. Watakuuliza hilohilo." Shangazi alisema taratibu, bila ukali, na hilo likamuumiza binti zaidi. "Nao utawajibu hivyohivyo?"

 Ndani, waziri alikuwa anauliza afisa wetu yuko wapi, picha haiwezi kupigwa bila yeye. Binti akauita uso wake urudi mahali pake, akaingia.