Shibiri ya Mgeni

Fomu ya kuombea kazi ilikuwa na mistari ishirini na minne, na Kimya aliijaza yote bila taabu isipokuwa mmoja. Umri, chuo alichosomea, kozi ya mitandao ya kompyuta, mwaka wa kuhitimu: kalamu ilitiririka tu. Ilipofika kwenye "Mshahara unaotarajia", ikagoma.

Kimya halikuwa jina la kwenye cheti. Wenzake wa chuo walimbandika hilo kwa sababu aliweza kukaa muhula mzima bila kuinua mkono darasani, kisha mtihani ukija akawaacha wote nyuma. Nyumbani walilisikia, wakalipenda, wakaendelea nalo.

"Andika milioni," alisema kaka yake, dereva wa lori, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi na soksi zake zilizotoboka. "Wakikataa watakupa nusu. Nusu ya milioni si haba."

"Na wewe ulipoomba hilo lori uliandika milioni?" mama yao akamuuliza.

"Mimi sikuulizwa kitu, mama. Niliambiwa funguo hizi."

Mama alicheka. Baba hakucheka. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anafuta miwani kwa pindo la shati. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa simu za waya, zile za kukaa mezani na kulia kama zimefiwa, mpaka watu walipozihama.

"Andika laki tatu na kumi," alisema taratibu. "Ndio mshahara niliostaafu nao. Usionekane una tamaa, wala usijishushe."

Katika nyumba ile, laki tatu na kumi haikuwa namba tu. Kimya alikuwa na miaka minane siku baba aliporudi na barua ya nyongeza yake ya mwisho. Alimnyanyua akamsimamisha juu ya meza, akamwambia, "Sema, mwanangu: laki tatu na kumi." Akasema, na watu wazima wakapiga makofi. Mapazia ya sebuleni yalishonwa mwezi ule, na bado yalikuwa yakining'inia, yamefifia kidogo upande wa jua.

Alikumbuka pia jioni za kabla ya hapo. Baba akirudi kazini alinuka plastiki iliyoungua, na mifuko yake ilijaa vipande vya waya. Alivimwaga mezani, naye Kimya akavipanga kama alivyofundishwa: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu. Alizijua rangi zile kabla ya kuijua alfabeti.

Sasa kwenye simu yake, katika kundi la waliohitimu pamoja, watu walikuwa wakijadili mishahara wiki nzima. Wa kuanzia, waliambiana, ni laki saba, ukibahatika nane. Aliyetaja laki tano alitaniwa mpaka akajitoa kwenye kundi. Kimya alijua. Lakini angemwambiaje mzee yule, miwani iko mkononi, kwamba kilele chake leo hakifiki hata nusu ya ngazi ya kwanza?

Akaandika 310,000. Baba akajiinua kidogo kutazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapo hakuna atakayekucheka."

Jumatatu iliyofuata aliitwa kwenye usaili, akapelekwa kwenye ofisi moja ya ghorofa ya pili, kwa injinia wa mtandao. Alikuwa mama wa makamo, mwenye nywele fupi zilizoanza mvi na kifaa cha kupimia kebo kikimning'inia shingoni kama cha daktari. Hakumuuliza Kimya habari za ndoto zake. Alimwonyesha kompyuta iliyokuwa haipati mtandao, akasema, "Nitafutie ugonjwa," akaondoka.

Kimya alifurahi. Kebo haziulizi maswali. Alipima upande mmoja, akapima wa pili, akafuata njia ya waya ukutani mpaka nyuma ya kabati la swichi, na hapo akauona ugonjwa. Mtu aliyeufunga waya ule alikuwa ameukata sawasawa na umbali, ukakazika kama kamba ya nguo, na kila kabati lilipoguswa plagi ilivutwa, mpaka nyuzi zikachomoka ndani yake. Kuweka plagi nyingine hakukuwezekana. Ungekata kidogo tu, waya usingefika.

Akapitisha kebo mpya, akapanga nyuzi zake nane, akabana plagi. Kompyuta ikapata mtandao. Injinia alirudi, akainama nyuma ya kabati, akakaa huko kwa muda.

"Watatu waliokutangulia walikata sawasawa, pakawa pasafi," alisema. "Wewe umeacha kitanzi. Hiki cha nini?"

Kimya alitamani sakafu impokee. "Ni shibiri ya mgeni."

"Ya nani?"

Akaonyesha kwa kiganja, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. "Baba yangu alikuwa fundi wa simu. Alikuwa akiacha shibiri moja ya waya kila mahali. Anasema mgeni ni yule fundi atakayekuja baada yako. Akikuta plagi imeharibika, awe na pa kukatia."

Injinia aliinama tena nyuma ya kabati. Alikikunja kitanzi vizuri, akakifunga kwa utepe, akaandika tarehe juu yake. Kisha wakarudi mezani, akaifungua fomu.

"Hii laki tatu na kumi umeitoa wapi?"

"Kwa baba."

"Amestaafu lini?"

"Miaka kumi na tano sasa."

Injinia akaweka kalamu chini. "Binti, hapa anayetoka chuo anaanzia laki saba. Wapo wanaotaka milioni na nusu na kujua kubana plagi hawajui, hao tunaagana vizuri. Lakini wa kuniomba nimpunguzie ndiyo kwanza nakuona wewe." Alimrudishia fomu. "Siwezi kukuandikia. Kaa pale nje robo saa, ulete ukiwa umeridhika nayo."

Kwenye benchi la nje alikuta msichana mwingine, bahasha kaikumbatia kama mtoto mchanga. Kimya alikaa, fomu magotini. Kuikata ile namba kulimtia uchungu, kama vile anamkata baba mwenyewe.

"Dada," yule msichana akanong'ona, "samahani. Pale kwenye mshahara umeweka ngapi? Mimi sijui hata pa kuanzia. Nitaandika kama yako."

Kimya aliiangalia 310,000. Akaukumbuka ule waya wa nyuma ya kabati, uliokazwa mpaka ukachomoka, na yeye alivyohangaika kutafuta pa kukatia asipate. Akapiga mstari mmoja juu ya namba ile, taratibu, kwa namna ya kuifunika, akaandika nyingine pembeni.

"Laki saba na nusu," alisema, na sauti yake ikamshangaza kwa jinsi ilivyosikika.

Alipoirudisha fomu ndani, injinia aliisoma, akauliza, "Mimi nimekutajia saba. Hii hamsini ya juu?"

"Shibiri," Kimya akajibu.

Akapewa laki saba na ishirini, na kazi.

Njiani alitunga uongo wa aina kama tatu hivi, kila mmoja mzuri kuliko mwenzake. Alipofungua mlango na kumkuta baba dirishani, wote ukayeyuka.

"Wameikubali ile yetu?"

"Baba, wamenipa laki saba na ishirini."

Kaka yake akapiga mluzi. Mama akamtupia jicho. Baba alivua miwani.

"Ya kuanzia?"

"Ya kuanzia."

Aliifuta kwa pindo la shati, lenzi moja, kisha ya pili, kisha akarudia ya kwanza. "Mimi hata sikuulizwa," alisema mwishowe. "Waliniwekea karatasi nikasaini bila kusoma. Nilifurahia koleo. Walinipa koleo jipya kabisa." Akatabasamu kidogo, peke yake. Kisha akavaa miwani. "Na waya? Uliacha?"

"Niliacha. Injinia amekifunga kitanzi kwa utepe, akakiandikia tarehe."

"Akakiandikia tarehe," baba akarudia, na akasogeza kiti mezani. "Haya njoo, nieleze. Ulikatia wapi?"

Kimya akatumbukiza mkono kwenye pochi, akatoa mabaki ya kebo aliyoikata asubuhi, akayamwaga mezani mbele yake. Akaeleza kabati, plagi, ule waya uliokazwa, akaongea mpaka kaka yake akaketi wima kumsikiliza. Baba wakati huo alikuwa akipanga vipande kwa vidole vyake vinene. Buluu. Chungwa. Kijani. Kahawia. Akapekua, akainua macho.

"Kijivu kiko wapi?"

"Siku hizi hakuna kijivu, baba. Nyuzi ni nane, jozi nne tu."

Baba akakaa anapatazama pale mwishoni mwa mstari, ambapo kipande cha tano kingekaa.

"Basi," alisema, "hicho kilikuwa chetu."