Kilomita Mbili za Wavinya

Mwezi wa nane mwaka jana nilidanganya watu themanini na wawili kwa mpigo mmoja, na chakula cha jioni kikanishuka vizuri tu. Hao ndio watu walio kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo wetu. Niliweka picha ya binti yetu Wavinya akiwa kileleni Kilimambogo, mikono juu, na chini yake nikaandika: "Wavinya, miaka kumi na moja, amepanda mlima wote kwa miguu yake." Kutoka langoni mpaka juu ni kilomita tisa. Wavinya alikuwa ametembea saba.

Mbili zilizobaki tulipanda na pikapu. Raba zake zilikuwa mpya, na kufikia mbele kidogo ya makaburi ya Wazungu wa zamani yaliyo njiani zilikuwa zimemchubua kisigino mpaka soksi ikalowa damu. Akaketi kwenye jiwe akasema hawezi tena. Mafundi wa mlingoti wa simu walikuwa wanapeleka mabetri juu, wakatubeba. Huko juu nilimpiga picha sita, na nikachagua ile ambayo miguu haionekani.

Mke wangu Tabby alisoma maneno yangu kwenye simu yake tukiwa njiani kurudi, kabla hata hatujafika Thika. "Ngigi," akasema, "hiyo umeandika ni nini?" Nikamwambia ni kilomita mbili tu, na saba pia ni nyingi. Hakusema kitu tena. Tabby akinyamaza huwa hajakubali, lakini mimi hupenda kuchukulia kwamba amekubali.

Mimi ni mtu wa kujisifu, sikatai. Nina duka la agrovet, la dawa na lishe za mifugo, hapa Gitothua, na mtu akija kununua chanjo ya vifaranga hatoki kabla hajaona picha tatu za Wavinya. Lakini uongo ule haukuwa wa dukani. Ulikuwa wa mtu mmoja, mama yangu, na wale wengine themanini na mmoja walikuwa wasindikizaji.

Kwetu Wakikuyu, msichana wa kwanza huchukua jina la mama yake baba. Siyo heshima tu. Husemwa kwamba nyanya, shosho kwa watoto wa hapa, amezaliwa tena, na mimi ningekuwa na haki ya kumwita binti yangu "maitu", yaani mama. Mama yangu anaitwa Wangechi. Tulipomleta Wavinya kutoka makao ya watoto kule Thika alikuwa na miaka minne, na jina lake alikuwa nalo, la Kikamba, na akiitwa anageuka. Tabby akasema mtoto ameshapoteza vya kutosha, hatumpotezei na jina. Nilikubaliana naye na bado nakubaliana naye.

Mama alitoka Gatanga kuja kumwona, akabeba maziwa na sweta aliyoifuma mwenyewe. Alimshika mtoto kichwa, akamwombea. Alipokuwa anaondoka akaniambia, bila hasira yoyote, "Basi mimi bado sijazaliwa kwako." Miaka saba ikapita na sikuwahi kumsikia akilitamka jina la Wavinya. Kwenye simu alikuwa anauliza, "Na yule mtoto wa Tabby hajambo?"

Hiyo "mtoto wa Tabby" ilikuwa inanikwama kooni. Nikaanza kumtumia ripoti. Wavinya amekuwa wa tatu darasani. Wavinya amekariri Zaburi nzima. Wavinya anaogelea. Na zaidi ya yote nilikuwa namtumia habari za safari zetu, kwa sababu huko ndiko mtoto huyu hung'aa. Alipokuja kwetu alikaa karibu miezi mitatu bila kusema neno ndani ya nyumba. Siku moja tukampeleka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, tukiwa tumekata tamaa tu, na akaangalia yale maji akauliza, "Hii itaisha saa ngapi?" Nililia pale pale mbele ya wapiga picha. Tangu hapo Jumamosi moja kila mwezi tunafunga duka tunatoka, ikiwa ni bwawa la Ruiru, ikiwa ni mto Chania, popote penye nafasi ya kutembea. Nje ya nyumba Wavinya huongea mpaka unatamani anyamaze.

Basi, ile picha ya Kilimambogo ilifanya kazi. Usiku huo huo mama alituma ujumbe wa sauti: "Huyo Wavinya ana nguvu. Huo mlima hata baba yako hakuumaliza." Niliusikiliza mara nne. Alikuwa ametaja jina. Jumapili iliyofuata mzee mmoja wa kanisa, ambaye yuko kwenye kile kikundi, akamwita Wavinya mbele ya ushirika akaomba apigiwe makofi. Watu wakapiga. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Wavinya alisimama pale akiangalia viatu vyake, nikadhani ni haya.

Baada ya hapo alipunguza maneno, hata tukiwa nje. Mwezi wa kumi tulienda bwawani akatembea nyuma yetu njia nzima. Nilipomuuliza shida ni nini akasema, "Nataka turudi Kilimambogo." Nilifurahi kama mjinga. Nikamwambia Tabby unaona, huyu ni mpanda mlima, ameshaonja hataki kuacha. Tabby akasema, "Mpeleke," akaendelea kupiga pasi.

Tulienda mwezi wa kumi na mbili, shule zimefungwa. Raba zilikuwa zimeshazoea mguu, na nilimvalisha soksi mbili mbili. Tulipita Thika mapema na saa mbili asubuhi tulikuwa langoni. Mlima ule hupandi kwa miguu bila askari, kwa sababu ya nyati, na askari tuliyepewa alikuwa mtu mrefu aitwaye Nzioki. Aliposikia jina la Wavinya akachangamka, akamsalimia kwa Kikamba. Wavinya akamwambia hajui Kikamba.

"Wavinya hajui Kikamba?" Nzioki akacheka. "Sasa wewe ni wa wapi?"

"Wa Gitothua," Wavinya akasema. "Wa Ngigi na Tabby."

Nilivimba kifua mpaka begi likanibana mabegani. Ndiyo sababu sikuona anavyotembea. Alikuwa haangalii ndege wala haulizi chochote, anatembea tu kama mtu aliyetumwa dukani. Tulikuwa tumebeba nduma na chai ya flaski. Kilomita ya tatu, ya nne, ya tano, hakuomba kupumzika hata mara moja. Mimi ndiye nilikuwa nahema. Tulipita yale makaburi na mbele kidogo tukafika kwenye lile jiwe, na Wavinya akaketi.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Sijachoka."

"Ni mguu?"

"Mguu uko sawa. Hapa ndio niliishia." Akanyoosha mkono. "Dadi, toa simu uandike kwa group niliishia hapa."

Nilimweleza, kwa upole, kwamba hakuna haja. Zimebaki kilomita mbili. Tutatembea polepole, tutafika, na kuanzia leo yale niliyoandika yatakuwa kweli. Nani atauliza ni mwezi wa nane au wa kumi na mbili? Niliona ni hesabu safi kabisa. Nikamwangalia Tabby anisaidie, lakini Tabby alikuwa ameshaketi kwenye jiwe karibu naye anamenya nduma.

"Sipandi," Wavinya akasema. "Nikipanda, hutawahi kusema."

Hapo nikakasirika. Nikamwambia nimefunga duka wiki ya Krismasi, wiki ambayo watu wananunua lishe ya kuku kuliko wiki zote, nimeendesha gari mpaka hapa, nimelipa getini, na sasa mtu anaketi kwenye jiwe kunipa masharti. Nikamwambia nimemsifia kila mahali tangu aje kwetu na sijui kosa langu ni gani. Nzioki akasogea mbali kidogo akajifanya anatafuta nyati kwenye kichaka.

Wavinya alingoja nimalize. Hakulia. Alisema akiangalia nduma aliyopewa na Tabby.

"Kule Thika, wageni wakikuja tulikuwa tunapangwa laini. Matroni anasema, huyu anajua kuimba. Huyu hakojoi kwa kitanda. Mimi alikuwa anasema nakula kila kitu. Na mimi sikuwa napenda maharagwe, lakini wageni wakiwa hapo nilikuwa nakula." Akageuza nduma mkononi. "Na wewe huniongelea hivyo, Dadi. Kwa shosho, kwa kanisa, kwa duka. Ni kama bado kuna mtu anakuja kuchagua."

Nilikaa chini. Hapakuwa na jiwe la tatu, nikakaa kwenye vumbi la barabara. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna anayechagua, kwamba alishachaguliwa miaka saba iliyopita na karatasi zilishapigwa mhuri, lakini nilijua hiyo nayo si kweli. Mtu wa kuchagua alikuwepo, alikuwa Gatanga, na mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nampanga mtoto laini mbele yake kila wiki. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nilimwambia hivyo hivyo: "Naona aibu, Wavinya."

"Sawa," akasema. "Andika."

Niliandika, "Kutokana na hali ya barabara na changamoto za viatu," akaichukua simu, akasoma, akafuta yote, akanirudishia. Tabby alikuwa anakunywa chai na macho yake yanacheka. Nikaandika tena: "Mwezi wa nane Wavinya hakufika juu kwa miguu. Kisigino kilichubuka akaishia kilomita ya saba, zilizobaki tulipanda na pikapu. Nilijua na nikaandika uongo. Yeye hakuniambia niandike." Wavinya akasoma mara mbili, akasema hapo sawa. Nikabonyeza.

Kwa dakika chache hapakuwa na kitu. Kisha wakaanza wale wa kucheka, na binamu yangu mmoja wa Githurai akauliza kama yale makofi ya kanisani yatarudishwa. Nilikuwa sijali hao. Nilikuwa naangalia jina la mama, na nilikuwa naogopa kama mtoto aliyevunja kikombe. Miaka saba ya ripoti nilikuwa nimeimwaga kwa mistari minne. Sasa atasema "nilijua tu", au atarudi kwenye "mtoto wa Tabby", na Wavinya yuko hapa hapa ataona usoni mwangu.

Hakuandika. Alipiga. Spika ndogo ya simu yangu iliharibika kitambo, kwa hivyo sina njia ila kuweka spika kubwa, kila mtu akisikia.

"Ngigi," mama akasema kwa Kikuyu, "mtoto alitoka damu na hukuniambia?"

"Ilikuwa kidogo, mama."

"Mimi niliwaombea ninyi juu ya mlima, sikuuombea mguu. Miezi minne. Yuko wapi? Mpe simu."

Nikampa. Wavinya aliishika kwa mikono miwili. Kikuyu chake ni cha Gitothua, cha uwanjani, lakini kinatosha.

"Shosho."

"Wavinya, mguu ulipona?"

"Ulipona. Ilitoka ngozi tu."

"Walikupaka nini?"

Wavinya akaniangalia. "Dadi alinipaka ile mafuta ya ng'ombe. Ya kukamulia."

Nikajua nimekwisha. "Hiyo ni nzuri," akasema. "Hata mimi ndiyo napaka miguu yangu. Ilichoma?"

"Ilichoma, shosho. Nililia sana."

"Hata mimi ningelia." Nikasikia anavuta kiti kule Gatanga, anaketi vizuri. "Niambie ilianza kuuma mkiwa wapi."

Wavinya akaanza kumweleza. Alimweleza mwanzo wote, lango, raba, soksi, lile jiwe, pikapu, harufu ya mabetri, jinsi alivyokuwa anataka kuficha mguu nyuma ya mwingine kwenye picha. Ilikuwa ile sauti yake ya nje, isiyokatika. Mama alikuwa anauliza na Wavinya anajibu, na baada ya muda walihamia kwenye mambo mengine, kuku, jino lililokuwa linalegea, maharagwe, ambayo ilionekana mama pia huyala kwa kulazimishwa. Hapakuwa na jambo hata moja la kumsifia mtu. Tabby akanipa kikombe cha chai na akaniegemea begani. Nzioki akarudi, akapewa nduma.

Salio lilipokwisha upande wa mama, Wavinya alinirudishia simu ikiwa moto.

"Anasema niende wiki ya kufungua mwaka," akasema. "Nikae siku tatu. Nimemwambia nitauliza."

"Tunapanda?" Nzioki akauliza. "Ni kama nusu saa tu, kwa mwendo wenu."

Sote tukamwangalia Wavinya. Aliangalia juu barabarani, akafikiria, akapangusa suruali.

"Tushuke," akasema. "Nina njaa ya chakula cha kweli."

Tulishuka. Tulipishana na kikundi cha vijana wanapanda, halafu baba mmoja na wanawe wawili, halafu wazee wanne wenye fimbo. Nilikuwa na fahari ambayo sijawahi kuwa nayo, kuliko siku ya makofi, kuliko siku ya Zaburi, na nilitaka kumsimamisha kila mmoja wao nimwambie huyu ni binti yangu. Kila nilipofungua mdomo Wavinya alinibana mkono, nikasema habari zenu, nikaendelea kushuka.