Uyoga wa Mipaini

Mke wangu Mbuke alikuwa na mimba ya miezi minne na chakula kilikuwa hakimpandi. Ugali ulimnukia, maharage yalimnukia, hata mimi nikitoka kupasua mbao nilimnukia. Alikuwa anakunywa chai ya rangi na kulala. Jumapili moja akaniambia, "Kulwa, ningepata uyoga wa kwetu ningekula."

Kwetu ni Usangu, mkoa wa Mbeya, walikohamia wazee wetu wa Kisukuma, kwenye joto na ng'ombe. Mvua zikianza, uyoga mweupe unatoka kwenye vichuguu na watoto wanaukimbilia. Hapa Kilolo, mkoa wa Iringa, ni baridi na mipaini. Tulikuja mwaka jana kutafuta kazi ya mbao. Lakini mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, nikachukua ndoo nikaingia msituni. Chini ya mipaini niliukuta umesimama, mweupe, mnene, kama ule wa nyumbani kabisa. Nikavunja nusu ndoo, nikarudi nimefurahi kama mtu aliyeokota ndama.

Mbuke alikuwa amelala. Kabla sijawasha moto, roho ikasita. Kwetu uyoga huu unaota kwenye kichuguu, na kule msituni sikuona kichuguu hata kimoja. Liberatus, mwenzangu wa kazini, alikuwa ameniwekea kwenye simu programu ya akili bandia. Unaiuliza kwa Kiswahili, inakujibu. Nikapiga picha, nikauliza: huu unaliwa?

"Sijui," ikajibu, "na kwa picha siwezi kujua. Kuna uyoga mweupe unaoliwa na kuna mweupe unaoua, na inafanana sana. Usiule."

Nikaiambia sitaki maelezo, nataka ndiyo au hapana.

"Nikisema ndiyo nitakuwa nabahatisha, na atakayeumia ni wewe."

Basi nipe asilimia. Ikasema hata asilimia itakuwa ya kubuni. Nikiuchemsha na chumvi nikamwaga maji? Ikasema kuna sumu ambayo haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Nikionja mimi kwanza? "Usionje. Kuna uyoga ambao mtu anakula, analala salama, anaanza kuumwa kesho yake wakati ini limeshaanza kuharibika."

Nikaitukana. Haikukasirika. Ikaniuliza nampikia nani. Nikaeleza habari za Mbuke. Ikauliza kama maji yanakaa tumboni; nikasema chai inakaa. Ikasema kwa kuwa hali chakula, mhudumu wa afya amwone karibuni, na chai nayo ikianza kukataa au akipata kizunguzungu, nimpeleke siku hiyo hiyo. Halafu ikauliza: "Hapo mlipo kuna mtu ambaye amechuma uyoga maisha yake yote? Mpelekee mmoja mzima, uliochimbwa mpaka chini, usiuvunje. Akisita, tupa wote."

Nikarudi msituni na panga, nikachimba mmoja, nikaenda kwa Mama Rozalia. Huyu ni Mhehe, jirani yetu, anauza uyoga barabarani kila masika.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Msukuma. Ng'ombe wamekushinda, sasa unachunga uyoga?"

Akaugeuza. Shina lake lilikuwa limezama kwenye kifuko, kama mguu ndani ya soksi. Kifuko hicho mimi nilikiacha udongoni nilipovunja mingine. Akauliza niliutoa chini ya mti gani. Nikamwambia, na kwamba Mbuke ndiye aliyeutamani.

"Huu siujui," akasema.

"Mama, wewe umezaliwa hapa!"

"Ndiyo maana niko hai. Mama yangu alinifundisha uyoga kwa majina, kila mmoja na mti wake, miti yetu ya porini. Mipaini imeletwa juzi tu. Uyoga usio na jina hauingii kwenye chungu changu."

"Unaongea kama simu yangu."

"Basi simu yako ina mama mwenye akili. Mingine iko wapi?"

"Nyumbani, kwenye ndoo. Mbuke amelala."

"Mwenye mimba aliyetamani chakula analala? Kimbia, wewe!"

Nikakimbia. Nilianza kuona moshi kabla sijafika. Mbuke alikuwa ameketi jikoni, sufuria inatokota, kitunguu kinanukia, na uso wake umechangamka.

"Umeonja?" nikauliza.

"Ningeonjaje na wewe hujaanza?"

Kwetu aliyechuma uyoga ndiye anayekula wa kwanza. Wengine wanamtazama, wakimwona mzima, wanakula. Ndivyo tulivyolelewa sote wawili. Akaninyooshea kijiko. "Haya, onja upesi, nina njaa."

Nilikitazama kile kijiko. Ningeonja, ningekaa mbele yake mzima kabisa, naye angemaliza sufuria. Nikaitoa motoni, nikaenda kumwaga chooni.

Nilipomwambia niliuliza simu, alilia kwa hasira. "Nimekaa na njaa siku zote hizi! Simu ndiyo imekutuma umwage chakula changu?"

"Simu imesema haijui. Mama Rozalia hajui. Mimi sijui. Umebaki wewe. Unaujua?"

Akajifuta machozi kwa kanga. "Ulifanana tu," akasema.

"Hata mimi niliona hivyo hivyo."

Mama Rozalia akaingia anahema, mkononi ana sufuria yake na mfuko wa uyoga mkavu. "Sufuria yenu msiiguse kwanza," akasema. Akauloweka uyoga wake, akaupika na karanga, mimi nikasonga ugali. Ulipoiva akala yeye kwanza, tena kwa madaha, huku Mbuke anamtazama.

"Usinikodolee macho, mwanangu. Huu nimekula tangu mwaka jana, na nguvu ya kugombana na Wasukuma bado ninayo."

Mbuke akacheka, akamega. Akatafuna polepole. Sote tulikuwa tunangoja akimbilie nje kama siku nyingine. Hakukimbia. Akamega tena.

"Kesho twende wote zahanati," Mama Rozalia akamwambia. "Na ukipata nguvu nitakupeleka porini nikufundishe uyoga wetu. Ule ninaoujua. Mwingine usiniulize."

"Sawa, mama," Mbuke akasema, na akanisukumia sahani nimwongezee.