Wagurung Wote wa Kapteni

Shemeji yangu Harkabahadur, kapteni mstaafu, hajui kuketi kama watu. Huketi kama anapigwa picha. Tangu mume wangu afariki amejipa ukuu wa nyumba yangu, na mwanangu Sarmila alipotaka kuolewa na Bishnu, mwalimu wa fizikia, yeye ndiye aliyekataa.

"Bishnu ni mtoto wa wahunzi, watu wa tabaka la chini," alisema. "Maji yao hatunywi, shemeji. Leo unataka tuoane nao?"

"Mambo hayo sheria ilishayafuta."

"Sheria haifuti damu! Sisi ni Wagurung. Babu yangu alipewa medali na mfalme wa Waingereza!"

Lo, medali hiyo! Hakuna harusi wala matanga hapa Pokhara ambako hatujasimuliwa medali hiyo. Na sasa alikuwa na wazimu mpya: kusaka kila askari aliyeitwa Gurung katika rejesta za medali za Waingereza, majina yao yachongwe kwenye mnara wa jiwe. Binamu yetu aliyeko London alimtumia picha za kurasa. Kila Gurung aliyemkuta humo, babu! Wa mashariki babu, wa magharibi babu. Eti wote damu moja.

Mimi minara hainihusu. Kilichoninyima usingizi ni maneno ya Sarmila: "Mama, baba mkubwa asiporidhia, nitatoroka na Bishnu. Tutakwenda mbali, na usinitafute." Nina mtoto huyo mmoja tu.

Siku ya mkutano wa ukoo, ua wa Kapteni ulijaa. Ukurasa wa babu yake alikuwa ameuweka kiporo, ausome kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Majivuno hayo! Akaishika medali yenyewe, akasoma namba iliyochorwa ukingoni, kisha akasoma namba ya kwenye karatasi. Zikalingana. Watu wakapiga makofi. Akaendelea kutufasiria Kiingereza, kifua mbele.

"Kalu Gurung, askari wa bunduki. Medali imepelekwa kijijini kwao. Imepokelewa na baba yake, Sete..."

Akaanza kuikunja karatasi.

"Sete nani?" akauliza mzee Tekman, katibu wa ukoo, aliyeketi ubavuni pake. Akainyakua karatasi. "Sete, mhunzi. Imeandikwa mhunzi."

Kumbe! Mtu akapaliwa na chai. Wakubwa wote pale walielewa papo hapo. Zamani zile waandikishaji wa jeshi la Waingereza walitaka makabila kama Wagurung na Wamagar tu. Kijana wa mhunzi akijitaja kwa jina la kwao anafukuzwa kama mbwa. Basi Kalu alibadili jina njiani, akapigana, akapona. Akaifuata medali kijijini, akamwacha baba yake huko huko, akaja Pokhara kuwa Gurung. Nani angemhoji shujaa?

"Makosa ya karani!" Kapteni alifoka. "Mlevi tu yule!"

"Karani huyo huyo ndiye aliyekupa mababu wengine wote, shemeji," nikasema. "Kwa hao hakulewa?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Kapteni akamgeukia mchonga mawe aliyemwita kwa kazi ya mnara. "Huyu Kalu mwondoe. Si babu yangu."

"Umemkana babu yako mbele za watu? Mkataa kwao mtumwa, shemeji!"

"Nyamaza! Na huyo mwanao haolewi na mhunzi!"

"Kwani amezaliwa na nani?" Nikasimama. "Keti na jiwe lako. Ruhusa yako siihitaji tena."

Nikamshika Sarmila mkono, tukaenda moja kwa moja kwa kina Bishnu. Mama yake alitoka, akafuta mikono kwenye sari, akatandika mkeka barazani. Hakutukaribisha ndani wala hakutupa chochote. Maisha yake yote amefundishwa kutowatia aibu watu kama sisi.

"Dada, nina kiu," nikamwambia. "Nipe maji."

Alinitazama nikadhani atalia. Akaleta gilasi, akataka kuiweka chini niiokote mwenyewe. Nikaipokea mkononi mwake, nikanywa yote.

"Kapteni akisikia?" akaninong'oneza.

"Atasikia, nitamwambia mwenyewe. Mpe na Sarmila. Maji haya ndiyo aliyokulia baba wa babu yake."