Toa Pini Mdomoni

Mume wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Milimita kwa sababu mkasi wake haujawahi kutoka nje ya mstari wa chaki. Mimi natoboa matundu na kushona vifungo, kazi ambayo yeye anaiita ndogo mpaka siku nikiugua. Tumekaa chumba kimoja cha kazi miaka ishirini na sita, meza yake dirishani, yangu mlangoni, na katikati kuna pasi ambayo kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyeiacha ikiwaka.

Mwaka jana moyo ulimfanyia fujo. Mshipa mmoja unaoulisha moyo ulikuwa umeziba kwa mafuta, wakampitishia waya kwenye kifundo cha mkono mpaka huko ndani, wakamwekea kijibomba cha wavu wa chuma ili mshipa ubaki wazi. Alirudi anajigamba utadhani kanunua gari. Kila mteja alionyeshwa kovu, hata waliokuja kupunguza suruali tu. Alipewa pia vidonge, na kimoja, cheupe, kilikuwa cha kuzuia damu isigande ovyo. Hicho hakikuwa cha kuruka hata siku moja. Daktari alisema, mimi nikasema, yeye akaitikia kwa kichwa, na Milimita akiitikia kwa kichwa ujue hajasikia.

Kisha tukapata kazi ya makoti meupe ya madaktari, sitini, ya hospitali ile ile iliyomtibu. Fundi kujichoma sindano ni jambo la kawaida, na kila fundi anajua kwamba tone la damu yako kwenye kitambaa unalitoa kwa mate yako mwenyewe kabla halijakauka. Lakini kwa dawa ile damu yake haikuwa na breki. Anatema mate, anasugua, nyingine inakuja. Koti moja likapita na kidoa chini ya mfuko, kama kichwa cha pini. Bwana ugavi wa hospitali akalirudisha mwenyewe, akalitundika mlangoni petu mbele ya wateja, akauliza kama hapa tunashona au tunachinja. Milimita hakula siku ile.

Baada ya hapo makoti yakatoka safi ajabu. Nikamsifu. Mungu anisamehe, nilimsifu.

Jumanne moja asubuhi nilichovya mkono kwenye kopo la vifungo vyeupe, nikachukua kimoja, nikatafuta tundu kwa ncha ya sindano. Hakuna. Nikageuza. Hakuna. Nikavaa miwani: kifungo kilikuwa na maandishi. Nikamwaga kopo zima mezani, nikachambua vidonge kumi na tisa.

"Milimita," nikasema, "hivi ni vifungo vya nguo gani?"

Akajibu kitu nisichokielewa. Hilo halikunishtua. Tangu nimjue anaongea na pini kati ya midomo. Hata siku aliponiposa nilidhani ananiuliza kipimo cha kiuno.

"Toa pini mdomoni tuongee kama watu."

Akajibu tena, mumumu. Nikapandisha sauti. Nilimwambia mengi: kwamba ni bingwa wa kujifanya kiziwi, kwamba mama yake mzazi aliwahi kunionya. Katikati ya maneno yangu nikausikia mkasi, na mlio wake haukuwa wa kawaida. Nikatazama. Ulikuwa umeacha mstari wa chaki na unakwenda zake kwenye mkono wa koti. Halafu ukaanguka.

"Fungua mdomo," nikasema.

Akafungua. Mle ndani hamkuwa na pini hata moja. Upande wa kulia wa mdomo ulikuwa umelegea, na mate yanashuka juu ya kitambaa cheupe. Niliogopa, nasema wazi. Hasira zote zilinitoka, nikazitafuta nisizione.

Shemeji yangu, mdogo wake Milimita, ni mwalimu wa udereva, na ofisi yake ni mlango wa tatu. Gari lake lina breki mbili na halijawahi kupita kilomita arobaini kwa saa.

"Shemeji, endesha kama mwizi," nikamwambia.

Akawasha taa ya kuashiria kona. Nilichomwambia hapo hakimo katika kitabu chake cha alama za barabarani, lakini tulifika hospitali ile ile.

Daktari alikuwa binti, umri wa kitinda mimba wetu. "Mama, mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi?"

"Saa nne kamili, taarifa ya habari ilipoanza. Alimtukana msomaji, na maneno yote yalitoka yamenyooka."

Wakamwambia atabasamu. "Huyo hatabasamu hata akiwa mzima," nikawatahadharisha. Wakamwambia ainue mikono yote miwili. Wa kulia ukashuka wenyewe. Wakamkimbiza kwenye picha ya kichwa, nami nikabaki kwenye benchi nautazama mkono wangu nikiwaza wa kwake. Bila mkono ule angekaa dirishani ananikosoa mpaka nife, na hata hivyo nilimtaka.

Kabla ya saa tano na nusu ulimi ukarudi. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani amezima pasi. Nikatoka nje kimyakimya nikampigia shemeji simu arudi akaizime.

"Kilikuwa kiharusi cha kupita," daktari akatueleza. "Damu iliganda, ikaziba mshipa wa kichwani, ikaachia. Kijacho huenda kisipite."

"Lakini mimi naumwa moyo," Milimita akalalamika. "Kichwa hakina shida."

"Kina shida tangu zamani," nikasema.

"Mzee," daktari akasema, "ukikuta jora lina kasoro mita ya kwanza, utaiamini ya pili?"

"Nalirudisha dukani jora zima."

"Basi mishipa yako, ya moyo, ya shingo na ya kichwa, ni jora moja. Na hili hulirudishi dukani. Mama ameniambia dawa uliacha. Kwa nini?"

Nikamsemea. "Kwa ajili ya koti hilo ulilovaa. Hakutaka litoke na damu."

Daktari akajitazama. Vifungo vilikuwa vyangu, nilivijua. Mkononi kulikuwa na damu mbichi, tumboni damu kavu, na juu ya mfuko kitu cha njano ambacho sikuuliza ni nini.

"Mzee," akasema taratibu, "unajua hii nguo kazi yake ni nini?"

Milimita alilitazama lile koti. Kisha akaanza kucheka, na mdomo ukapanda pande zote mbili sawasawa. Nikalia kwa sauti, na sioni aibu kusema.

Siku hizi anameza kidonge mbele yangu, nami nakagua chini ya ulimi. Akijibu mumumu namwambia atoe pini, hata mara kumi kwa siku, na habishi.

Jana alijichoma tena. Tone likaangukia kola ya koti. Niliweka sindano yangu chini nikamtazama. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akakusanya mate, akatema. Yaliangukia pale pale kwenye doa, hayakutoka nje hata milimita moja.