Siku Bwana Afya Alipomwaga Rangi

Miezi minane nilimzuia jirani yangu, Nesi, asiezeke nyumba yake pale ufukoni mwa ziwa, na wala sikuona haya. Uani kwangu, karibu na uzio wake, palikuwa na dimbwi la maji meusi yanayonuka, yasiyokauka hata jua liwake vipi. Mjukuu wangu alikuwa amelazwa mara mbili kwa homa ya matumbo. Basi nikaandika barua halmashauri: shimo lake la choo linatuua, kibali chake kifutwe, kuta zibomolewe. Wakasimamisha ujenzi.

Mume wangu, fundi bomba wa siku nyingi, hakuipenda barua ile. Alinisihi niiondoe, tena si mara moja. Nikamuuliza kama Nesi amemroga au amemwona mzuri tu. Akachukua chupa yake ya maji akaenda kazini. Chupa hiyo ni kichekesho cha nyumba yetu. Huijaza hukohuko kazini na kunywa humo tu, eti maji ya mtungi wangu humletea kiungulia. Watoto humwita Bwana Chupa.

Siku ya ukaguzi Bwana Afya wa halmashauri alikuja na makopo mawili ya rangi, moja la kijani na jingine la nyekundu. Alieleza kwamba rangi ile haidhuru mtu, kazi yake ni kufuata maji yanakokwenda. Kijani kikitokea uani kwangu, kibali cha Nesi kinafutwa siku hiyohiyo. Nesi alisimama kando na sare yake ya kazi, midomo imemkauka. Mimi nilileta kiti kabisa, nikae nione vizuri.

Akamwaga kijani kwenye choo cha Nesi. Tukasubiri saa ya kwanza, tukasubiri ya pili. Dimbwi langu likabaki jeusi vilevile.

Bwana Afya akasema hawezi kupima upande mmoja, akaomba aingie na chooni kwetu. Nikacheka. Nikamwambia amwage kopo zima akitaka, maana shimo letu lilichimbwa na fundi mwenyewe na kujengwa kwa tofali kutoka chini. Nikamgeukia mume wangu anisaidie kusema. Alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa.

Akamwaga nyekundu chooni kwetu. Haikufika nusu saa. Wekundu ulitokea kwanza kwenye dimbwi, nikadhani ni macho yangu. Kisha Nesi akanyoosha kidole ziwani. Pale kwenye jiwe langu, jiwe ninalosimama kila asubuhi nikichota maji ya mtungi, wekundu ulikuwa unapanda kutoka chini na kutanda polepole.

Nilikaa chini kwenye mchanga, na kiti kiko nyuma yangu.

“Shimo liko wapi, baba watoto?”

“Nilikuta mwamba,” akasema. “Futi tatu tu, mwamba mtupu. Nikalaza bomba, likapita hapo uani mpaka ziwani. Nilijua ni kwa muda tu.”

“Miaka kumi na moja?”

Akainamia tena kamba za viatu vyake.

Bwana Afya alinipa fomu nitie sahihi kwamba nimeondoa malalamiko yangu, akasema makosa ya kwetu ataanza kuyaandika kesho. Nilikandamiza kalamu hata ikatoboa karatasi. Nesi ndiye aliyenishikia fomu isipeperuke. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mjukuu wangu yuko ndani, ampime homa. Nilishindwa kumtazama usoni. Niliitikia kwa kichwa, akaingia.

Nikaanza kukohoa. Mume wangu akachutama mbele yangu, akafungua chupa yake, akaniwekea mkononi.

“Kunywa, mama,” akasema. “Haya ni safi.”

Niliishika, sikuinywa. Miaka kumi na moja tuliicheka chupa ile mezani, mimi na watoto, huku tukimiminiana maji ya mtungini, naye amekaa papo hapo anatutazama tukinywa.