Alichosema Dereva

Saa sita na nusu kengele ya mapumziko ilipolia, mshona mifuko ya suruali alizima cherehani, akaacha kazi nusu, akakimbilia stoo ya vitambaa. Wenzake walikwenda kula. Yeye alikwenda kupatanishwa na mumewe kwa simu.

Ushauri huo ulikuwa zawadi ya kiwanda. Bango lake lilibandikwa mlangoni, mke na mume wanacheka meno yote nje: vikao vitatu vya bure, mtandaoni, kwa mfanyakazi mwenye matatizo ya ndoa. Cha kwanza mumewe, dereva wa lori, hakutokea. Cha pili alitokea, akakaa kama bubu. Hiki kilikuwa cha mwisho, na mke alikwisha kumwambia waziwazi: usiposema, naondoka. Kaka yake alikuwa anakuja kesho kutwa kuchukua kitanda na vyombo.

Akajibanza kati ya majora ya khaki, mahali pekee ambapo mtandao wa kiwanda ulishika vizuri. Lakini kabla ya kumwona mshauri, fomu kwanza. Kwa kipimo cha moja hadi kumi, una huzuni kiasi gani? Binti yake wa miaka minne alikuwa na miezi minane kaburini. Akaandika tano, asije akaonekana ana makuu. Fomu ikagoma, ikataka na tarehe ya ndoa. Jamani! Hadi inakubali, saa saba kasoro dakika kumi.

Mshauri, dada mmoja mwenye sauti ya upole, akatokea kwenye kioo cha simu. Dereva naye akatokea, amekaa ndani ya lori, kofia mapajani.

"Mama, anza wewe. Nini hasa kilikuumiza?"

"Aliniambia ninyamaze. Siku ya msiba, mtoto wangu anatolewa ndani, nalia, yeye ananishika bega, 'Nyamaza.' Mbele ya watu! Basi, nikanyamaza."

Na kweli alinyamaza. Miezi minane, mpaka alipomwambia ataondoka, hakumwambia mumewe zaidi ya chakula kipo mezani na gesi imeisha. Wengine wote waliomwambia nyamaza siku ile aliwaelewa kuwa wanambembeleza. Kwa mumewe tu ndipo neno lilipogeuka, likawa funga mdomo.

"Na wewe, baba?"

Dereva alizungusha kofia mikononi.

"Mke wangu," akasema, jina ambalo mkewe alikwisha kulisahau. "Lile neno halikuwa langu." Akajifuta uso kwa kiganja. Mwanamume yule aliyebeba jeneza macho makavu, sasa alikuwa analia mchana kweupe. "Alfajiri ile ya mwisho, wewe umesinzia, mtoto aliniita. Akaniambia, baba, mwambie mama..."

Picha ikaganda, mdomo wa dereva wazi.

Saa saba kamili. Kila siku saa hiyo msimamizi, waliyempa jina la Dakika, alizima mtandao ili watu wasichezee simu kazini. Mshona mifuko alilijua hilo. Alidhani tu kwa ushauri wa kiwanda chenyewe wangeuacha. Akatoka mbio kumfuata.

"Kaka, nakuomba, uwashe! Dakika mbili tu!"

"Mapumziko yameisha, dada."

"Ni ule ushauri wenu! Wa bangoni!"

"Ushauri ni wa mapumziko. Rudi kazini, usije ukaniponza bure."

Akarudi kwenye cherehani. Mwenzake wa meza ya pili, mshona zipu, alimwona anavyohangaika, akamrushia mtandao wa simu yake kimyakimya. Kikao kilikuwa kimefungwa. Akampigia mumewe, simu ameificha ndani ya kitambaa cha kichwa.

"Mtoto alikwambia nini?"

Injini ya lori ilikuwa inanguruma. "Si nimeshasema."

"Sikusikia! Ulikatika!"

"Nimesema yote, mama. Nimelia mpaka yule dada naye akalia. Kumbe nilikuwa nasema na ukuta?"

"Niambie tena. Mume wangu, nakusihi."

"Siwezi. Wallahi siwezi, nimejikamua mpaka nimekauka. Muulize yule dada, yeye alisikia." Akakata. Akapigiwa tena, hakupokea. Akapigiwa mara ya tatu, simu imezimwa.

Mshona mifuko akamwandikia mshauri, vidole vinakosea herufi: Mwanangu alisema niambiwe nini? Jibu likaja hajamaliza hata mfuko mmoja.

"Habari, mteja wetu. Vikao vyako vitatu vimekamilika. Kwa ajili ya kulinda faragha, haturuhusiwi kumpa mtu mwingine maneno ya mteja. Tunakutakia familia yenye furaha."

Akalisoma tena. Mtu mwingine ndiye yeye. Mguu wake ulikuwa juu ya pedali na cherehani ilikuwa inakwenda peke yake, sindano inatoboa mfuko mahali pamoja, mpaka uzi ukakatika.

Dakika akaja, akasimama nyuma yake. "Dada, unaharibu mali. Vipi?"

"Mimi ni mama yake!" Aliyasema kwa sauti, chumba kizima kikageuka. "Mimi ndiye mama yake!"

"Mama wa nani?" akauliza Dakika, huku anaangalia saa.